Kabla Hujashika Maiki

Nyakwara, nimekuita mchana kwa makusudi, kwa sababu usiku huwezi kunisikia. Usiku wewe ni spika mbili, jenereta na taa za rangi. Mchana bado u mtoto wa binti yangu, na hiki kiti changu cha mbao kinakutosha. Kaa.

Ijumaa iliyopita, kule Sega Sega, nilikuwa nyuma ya hema pamoja na wazee wenzangu ulipokuwa ukichezesha disko matanga. Machifu wanaipiga marufuku kila mwaka na kila mwaka inarudi, hiyo tuiache leo. Sikatai kwamba ulichangamsha watu. Vijana walicheza mpaka vumbi likaushinda moshi wa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki. Pesa zilitupwa. Kisha ukalitaja jina la marehemu, ukalikosea. Ulimwita kwa jina la mke mwenzake, ambaye yu hai, na alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa. Watu wakacheka, nawe ukacheka nao, ukapandisha muziki. Hukumwona kitinda mimba wa marehemu akijifunika uso kwa leso. Mimi nilimwona.

Halafu juzi ukaja kuniambia kwamba umechoka na matanga, unataka kwenda redioni, uimbe na utangaze, yote mawili. Umesema una sauti. Sauti unayo, umeirithi kwa nyanya yako. Mimi nauliza habari ya masikio.

Unanijua, mimi si mwimbaji. Nimetengeneza redio hapa Obunga, Kisumu, tangu kiwanda cha pamba cha Kicomi kikiwa bado kinanguruma na wafanyakazi wake ndio wateja wangu wa mwisho wa mwezi. Lakini fundi wa redio husikiliza redio kuliko mtu yeyote. Akishamaliza kulehemu, lazima aiache iimbe nusu siku ahakikishe haitakata. Watu waliniletea mawe ya redio yaliyokwisha nguvu, nami nikawaambia wayaanike juu ya bati, jua liyafufue kidogo yafikishe taarifa ya habari ya jioni. Na si taarifa yenyewe waliyokuwa wakiitaka. Walitaka kilichofuata: matangazo ya vifo.

Hukuziona siku zile. Matangazo ya vifo yakianza, mtaa mzima ulinyamaza. Hata walevi wa chang'aa walinyamaza. Mtangazaji alisoma jina, jina la baba, kijiji, lokesheni, kisha orodha ya wale wanaoombwa kufika nyumbani haraka popote walipo, Mombasa, Kericho, Kampala. Hapakuwa na simu mfukoni. Kama alilikosea jina, kuna mtu hakumzika mama yake. Wale watangazaji walilijua hilo, na tulilisikia kooni mwao. Walisoma polepole, na kila jina walilirudia mara mbili.

Hao hao ndio waliosoma kadi za salamu. Mtu alinunua kadi dukani, akajaza majina ya shemeji na binamu na rafiki wa utotoni, akaitia posta, kisha akasubiri wiki mbili au tatu kulisikia jina lake likitoka kwenye lile sanduku. Kijiji cha Seme au Uyoma kilisomwa na mtu aliyeko Nairobi kana kwamba amewahi kunywa maji ya huko. Nimewahi kuona mzee akilia kwa sababu jina lake limetajwa redioni. Mzee mzima, na jina lake mwenyewe.

Nami niliitaka kazi hiyo, nikuambie siri. Nilikuwa na umri wako nilipokwenda kufanyiwa majaribio ya sauti katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Nikapewa karatasi ya taarifa ya habari. Ilikuwa imejaa mashamba, shule, mashirika na mashariki. Ulimi wetu wa Kijaluo unaujua: nilisoma masamba, sule, masirika na masariki. Bwana aliyekuwa upande wa pili wa kioo hakusubiri nifike mwisho. Aliniambia nirudi ziwani nikawatangazie samaki. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ulimi ndio ulioninyima kazi. Siku hizi naona mengine. Habari ile ilihusu watu wa Nyando waliofukuzwa na mafuriko, nami niliisoma kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nilikuwa nikijisikiliza mwenyewe. Nyinyi wa leo mna ugonjwa huo huo katika nguo nyingine: mnasema kwa tweng, kana kwamba mmelelewa ng'ambo, na hamjawahi kuvuka Ahero.

Sasa nikupe kisa cha mtu aliyefanya vyote viwili unavyovitaka. Enzi za Voice of Kenya, na baadaye KBC, idhaa ya Kiingereza ilikuwa na kipindi cha jioni kikiitwa Sundowner. Ni muziki laini tu, wa kutuliza mtu aliyetoka kazini: Jim Reeves, Skeeter Davis na wenzao. Usinicheke. Wazee wa Kisumu walioshinda na benga mchana kutwa walitulia na Jim Reeves jua likizama, na nyanya yako akiwemo. Kati ya sauti hizo ilikuwamo moja nene, yenye joto, ya mtu anayeimba kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Kisha anaacha kuimba na kupiga mluzi, mluzi safi kama filimbi. Mama yangu alinikataza kupiga mluzi usiku, eti nitaita nyoka. Huyu aliita pesa. Aliitwa Roger Whittaker, mtoto wa Nairobi.

Najua utaniuliza: kwara, yaani babu, kati ya wanamuziki wote wa Nyanza, kwa nini mzungu? D.O. Misiani alikuwapo, George Ramogi alikuwapo, Ochieng' Kabaselleh alikuwapo. Hao umewasikia tangu tumboni, na gita lao unalicheza vizuri. Lakini wao hawakuketi kwenye kiti cha mtangazaji. Huyu aliketi, na alipoketi alifanya jambo ambalo sijalisikia kwa mwimbaji mwingine.

Alizaliwa Nairobi tarehe 22 Machi 1936, wazazi wake wakiwa wametoka Staffordshire, Uingereza. Alisoma Prince of Wales, shule ya watoto wa wazungu wakati ule, ambayo leo ni Nairobi School. Kiswahili alikisema tangu utotoni. Alipofika umri wa jeshi akaingia Kenya Regiment, wakati wa vita vya Mau Mau, upande wa serikali ya mkoloni. Hilo silifichi wala silipambi. Ukitaka kujifunza kwa mtu usianze kwa kumtakasa.

Kisha akaenda Cape Town kusomea udaktari. Baada ya mwaka mmoja na nusu akaacha. Najua masikio yako yamesimama hapo, maana nawe uliacha kozi yako ya umeme pale Kisumu Poly. Ngoja basi. Alirudi Kenya akafundisha shule, na mwaka 1959 akaenda Wales, chuo cha Bangor, akasoma elimu ya wanyama na viumbe wa bahari. Alikuwa akiimba kwenye sherehe za wanafunzi, na nyimbo zake za kwanza zilitolewa kwenye vile visahani vyembamba vya plastiki vilivyouzwa pamoja na gazeti la chuo. Kampuni za muziki zilikuwa zimeshamnusa. Lakini shahada aliimaliza, mwaka 1962. Kiangazi cha mwaka huo huo akaenda kuimba Portrush, mji wa ufukweni huko Ireland ya Kaskazini, na kutoka hapo televisheni ya Ulster ikampa nafasi katika kipindi chake. Mlango wake wa kwanza mkubwa ulifunguka Ireland, mtoto wa Nairobi mwenye shahada ya samaki. Sisi wa ziwa hili la Lolwe tungempa kazi.

Kisiwa kile cha Ireland kina desturi ya waimbaji wa namna hiyo. Val Doonican wa Waterford aliimba katika televisheni ya BBC kwa miaka mingi akiwa amekaa kwenye kiti cha kubembea, amevaa sweta. Ni enzi zile zile ambazo vijana wa Uingereza walikuwa wakipiga magita mpaka yavunjike. Wewe unafikiri kazi ya msanii ni kuruka. Wapo walioketi, na dunia ikasogeza viti karibu nao.

Whittaker alisubiri mpaka mwaka 1969 kupata wimbo uliotamba Uingereza, Durham Town. Hesabu mwenyewe: miaka kumi tangu aondoke Nairobi. Wewe una mwaka mmoja na nusu na spika mbili za mkopo, na unasema muziki umekutupa.

Mwaka 1971 akapewa kipindi cha redio Uingereza, chenye okestra nzima na mpangaji muziki wake, Zack Lawrence. Mwimbaji aliyekwisha kutamba, na okestra nyuma yake, na maiki mbele yake. Wewe ungefanya nini? Ungeimba zako kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ungetaja namba ya M-Pesa. Yeye aliwaambia wasikilizaji: niandikieni mashairi yenu, nami nitayatia muziki na kuyaimba hapa. Mwenyewe alisimulia kwamba zilikuja barua milioni moja. Sijui nani alizihesabu, na waimbaji wana hesabu zao, lakini tuseme zilikuwa magunia kwa magunia. Kila wiki akachagua moja, kwa wiki 26.

Mojawapo ilitoka kwa Ron Webster, fundi wa kutengeneza vyombo vya fedha, wa mji wa Birmingham. Hakuwa mwanamuziki. Ni jua kali kama mimi, tofauti yeye alishika fedha nami nashika nyaya. Shairi lake lilikuwa la baharia anayeagana na mpenzi wake, na likaitwa The Last Farewell. Whittaker akalitungia muziki, akaliimba redioni, kisha likaingia kwenye rekodi.

Halafu kimya. Miaka minne. Mpaka ikatokea kwamba mke wa mkuu wa vipindi wa redio moja ya Atlanta, Marekani, alikuwa safarini Kanada, akausikia wimbo ule. Aliporudi akamwambia mumewe aucheze. Mume akaucheza, simu zikalia. Mwaka 1975 ulifika nambari 19 kwenye chati ya Marekani, na Uingereza, ambako ndiko ulikozaliwa na kusahauliwa, ukafika nambari mbili. Nakala zilizouzwa duniani huhesabiwa kwa mamilioni. Mtu huyu alitoa albamu nyingi mno, alijaza kumbi Ujerumani akiimba Kijerumani alichokikariri kwa sauti bila kukijua, na bado wimbo wake uliokwenda mbali kuliko zote ulianzia kwenye barua ya msikilizaji.

Nimeufikiria wimbo huo nikilehemu kwa miaka mingi. Yule fundi wa fedha asingempigia Whittaker hodi. Yule mama wa Atlanta hakuwa na cheo chochote redioni. Wote wawili walikuwa masikio tu. Na yeye mwenyewe, kabla hajaimba neno la wimbo ule, alikaa akasoma barua za watu. Unafikiri ngapi zilikuwa takataka? Karibu zote, nina hakika. Anayesoma takataka za watu kwa subira ndiye anayeiona ile moja.

Jambo moja la karatasi, nalipitia haraka kwa sababu najua unalikwepa. Jina la Webster liko kwenye rekodi, kando ya jina la Whittaker. Sasa chukua Malaika. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. nao wakauimba, na mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga. Wapo wanaomtaja Adam Salim. Fadhili alifariki mwaka 2001 ubishi ukiwa haujaisha. Ule wimbo uliouimba Sega Sega, wa yule binti wa Kasarani anayeuza omena, mistari miwili ni yake. Alikuimbia yeye kwanza, nilikuwapo. Andika jina lake, kisha nendeni Bodi ya Hakimiliki pamoja.

Na maiki yenyewe usiione kitu cha mchezo. Tarehe 1 Agosti 1982 asubuhi tuliamka tukasikia sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ile ya ungwana, tuliyoizoea Jumapili katika Je, Huu ni Ungwana?, ilikuwa imeshikiwa bunduki na askari wa jeshi la anga. Hapa Obunga wapo walioshangilia mpaka saa sita mchana, na wapo walioshangilia wakakamatwa. Mimi redio ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa mgongo, na nilihisi sauti imepinda kabla sijaelewa maneno. Nikamwambia nyanya yako afunge mlango. Sauti ya mtu aliyezoea kusema nasi ilituambia zaidi ya karatasi aliyopewa.

Miaka 25 baadaye, baada ya uchaguzi wa 2007, mji huu ukaungua, maduka ya Oginga Odinga Street yakawa majivu. Redio za lugha za mama zililaumiwa, nyingine kwa haki. Mama yako alikuwa anakukumbatia chini ya kitanda hiki changu. Siku zile nilimkumbuka Whittaker kwa sababu nyingine. Mwaka 1989 majambazi walivamia nyumba ya wazazi wake Nairobi, wakamuua baba yake, na mama yake wakamtesa. Alikuwa na umaarufu wa kutosha kuichafua Kenya mbele ya dunia nzima, na nani angemlaumu? Alisema jambo lile litamuumiza maisha yake yote, lakini watu wajitahidi kuishi bila chuki. Aliendelea kuimba kwa sauti ile ile ya chini mpaka alipostaafu, na alifariki Ufaransa mwezi Septemba 2023, akiwa na miaka 87. Siku mtu atakapokuletea bahasha ili usome majina ya kabila fulani hewani, nataka uwe umeshazoea kuangalia uso wa mtu kabla ya kulitamka jina lake. Hapo hutahitaji kunipigia simu.

Vituo vya redio Kisumu sasa ni vingi, tena ukishindwa kote una simu mkononi na unaweza kujitangaza mwenyewe. Sikatazi. Lakini usipeleke kwa mkurugenzi ile rekodi yako ya majigambo ya dakika tatu. Saa kumi na moja alfajiri akina mama wanarudi kutoka viwanda vya samaki na makarai ya migongo, wanawasha kuni, na wanaongea. Wanaongea habari ya bei, ya waume, ya mtoto aliyefukuzwa shule, na wanaimba kidogo wakifikiri hakuna anayesikia. Chukua kigoda ukae nao asubuhi moja bila kusema kitu. Watakutania. Watasema umekuja kutafuta mke. Vumilia.

Na kuna matanga mengine Ijumaa hii, pale juu karibu na barabara ya Kakamega. Nimeona wameshaanza kusimamisha hema, na nimesikia ni wewe uliyeitwa. Nenda Alhamisi mchana, bila maiki. Muulize binti wa marehemu jina la marehemu linatamkwaje, na lile la utani alilopewa na wajukuu, kama yupo aliye tayari kulitaja. Liandike. Kisha lirudie mbele yake mpaka akuambie ndiyo.